Nusu ya Kidonge

Nilimwonea wivu mtoto wa miaka minane. Nalisema mwanzoni ili anayetaka kunichukia aanze sasa hivi, asijisumbue kusubiri mwisho. Sikumwonea wivu kwa nguo, wala kwa akili za darasani. Nilimwonea wivu mkojo wake.

Ni binti wa wifi yangu, dada wa mume wangu. Nyumba zetu zinatazamana, uwanja ni mmoja, choo kimoja, kichanja cha kuanikia vyombo kimoja. Asubuhi akiamka alikuwa anachuchumaa nyuma ya mihogo, na mimi nilikuwa sikosi sababu ya kupita pale. Nakwenda kutafuta kuku. Nakwenda kuokota kijiti. Ukweli nakwenda kutazama mchanga. Mchanga umelowa, basi, hauna rangi yoyote. Narudi kwangu, namwambia binti yangu akojoe kwenye kopo la plastiki, na kopo linaniambia habari nyingine.

Mimi ni mtu wa milimani. Kwetu ni Matiri, kwenye kahawa na baridi, ambako maji ya kijito yanauma mifupa na hakuna mtu mwenye akili timamu anayekaa ndani yake kwa furaha. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na mimba. Matokeo ya mtihani na mtoto vilikuja mwaka mmoja, na mtoto ndiye aliyekuwa na uzito wa maana. Baba yake alikuwa anapandisha dagaa kuuza sokoni Mbinga. Mtoto alipofikisha miaka mitatu tukafunga ndoa kanisani, nikateremka na mume wangu ziwani, lakini mtoto nikamwacha kwa mama yangu. Mama alisema, "Huko chini kuna joto na mbu. Muache kwanza akomae." Akakomaa. Akaja kwangu ana miaka sita, mfupi kama mimi, mashavu yamejaa, hajawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo ya karibu.

Siku ya kwanza aliliogopa ziwa, akalia. Siku ya pili akaingia. Kuanzia siku ya tatu hakutoka.

Na nani angemtoa? Huku vyombo vinaoshwa ziwani, nguo ziwani, muhogo unalowekwa pembeni, watoto wanaogea hapo hapo kwenye matete. Binti wa wifi ndiye aliyemfundisha kuogelea. Walikuwa wanarudi pamoja macho mekundu, ngozi imepauka kwa maji, wanacheka. Wakati huo bado nilikuwa nampenda yule mtoto.

Mwaka haukwisha. Siku moja tunasugua masufuria kwa mchanga, mwanangu akaja amebana mapaja.

"Mama, nakojoa nyekundu."

Nilidondosha sufuria. Wifi yangu yeye hata hakuacha kusugua. Ni mwanamke mrefu, ana sauti ya kuita mtumbwi ulioko mbali, na hucheka kabla hajajua kama jambo linachekesha.

"Kichocho hicho," akasema. "Karibu ziwani, mwanangu. Sasa umekuwa mwenyeji."

"Wifi, mtoto anatoa damu!"

"Si nimesikia? Wote wanapita hapo. Mwezi ujao kuna dawa shuleni, atameza."

Wote wanapita hapo. Nikamtazama binti yake, yuko kwenye maji hadi kifuani, anapiga makofi juu ya maji ili yamrukie mwenzake. Nikasema moyoni, mbona wa kwako hapiti?

Siku ya dawa wazazi tulipeleka unga na sukari, watoto wakapikiwa uji kwanza. Nilibaki kutazama. Mwalimu alikuwa ameegemeza ubao mrefu ukutani, umepigwa mistari, na kila mstari una idadi yake ya vidonge. Mtoto anavua viatu, anasimama, kichwa kikigota hapa anapewa hivi, kikigota pale anapewa vile. Binti wa wifi akasimama: vidonge viwili. Mwanangu akasimama: kimoja na nusu.

Nikaenda pale mbele ya watu.

"Mwalimu, shikamoo. Huyu mbona nusu?"

"Marahaba. Ni kimo, mama."

"Hawa ni darasa moja. Wanaoga maji mamoja. Huyu ndiye anayekojoa damu, yule hana kitu. Sasa mnampa zaidi asiyeumwa?"

"Mama, dawa inafuata mwili, haifuati ugomvi."

Watu wakacheka. Wifi akacheka kuliko wote. Nilirudi nyumbani na ile nusu imenikaa kooni kama mwiba wa samaki mbasa. Ukoo wao ni watu warefu. Mimi nimezaa mfupi. Kumbe hata kwenye dawa ya bure urefu unalipa.

Dawa ilifanya kazi, sisemi haikufanya. Wiki chache mkojo ukawa safi, nikaanza kuimba nikifagia. Halafu, mvua zilipokaribia, kopo likarudi kuwa na rangi ya chai ya rangi, tone la mwisho jekundu kabisa. Nyuma ya mihogo mchanga ulikuwa safi vilevile.

Hapo ndipo wivu ulipoota meno. Nilianza kumchunguza wifi. Anampa nini yule mtoto? Nilihesabu mara anazompikia mbasa na mara anazompikia dagaa. Nilichungulia chungu chake cha mizizi, nikakuta ni tangawizi tu. Akimwita mtoto ndani akafunga mlango, najua anamnywesha kitu. Siku moja nikasukuma mlango bila kubisha hodi, nikamkuta anamtoa funza kidoleni. Nikasema nilikuwa naomba chumvi. Akanipa chumvi. Chumvi ninayo debe zima.

Nikamkataza mwanangu ziwa. Nilimchapa mara mbili. Lakini mtoto ukimtuma maji unamtuma ziwani, ukimtuma vyombo unamtuma ziwani. Nilikuwa namchapa kwa kwenda ninakomtuma. Mume wangu akaniambia, "Unataka akaoge wapi, kwenye ndoto za Matiri?"

Mwaka uliofuata siku ya dawa ikakaribia tena, na mimi nilikuwa nimejiandaa kuliko mwalimu.

Sketi za shule za watoto wetu tunazishona ndefu, pindo tunalikunja ndani, mtoto akirefuka tunalishusha. Nililifungua pindo la mwanangu lote. Sketi ikafika chini, ikafunika visigino. Jioni nikamsimamisha kwenye mwimo wa mlango, nikamfundisha.

"Panda juu ya vidole. Usitikisike. Tazama mbele kama unaimba wimbo wa taifa."

"Mama, mwalimu akiniona?"

"Mwalimu anatazama kichwa, hatazami miguu."

Tukarudia mpaka akaweza kusimama hivyo bila kushika ukuta. Na kitu kingine nikamwambia, na hiki ndicho kinachoniuma mpaka leo. Nilimwambia asinywe ule uji. Ashike kikombe, amwage pembeni. Niliwaza hivi: dawa ikikuta tumbo tupu itakuwa kali zaidi, haitapotelea kwenye uji. Nilitaka nguvu yote, hata ya punje. Nilisoma baiolojia mimi. Nilipata alama nzuri ya baiolojia.

Alisimama kwenye ubao imara kama askari. Kichwa kikagusa mstari wa vidonge viwili. Akapewa viwili, sawa na binti wa wifi. Mimi niko nje ya ua, nimeshika nguzo, na furaha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza kwa mtu mwenye heshima zake.

Kabla kengele ya mapumziko haijalia, mwanangu alikuwa nyuma ya darasa ameshika magoti, anatapika. Vidonge vilitoka vyote, vyeupe, vimelainika kidogo tu. Niliviona. Nikavifukia kwa mguu.

Binti wa wifi alikuja mbio na kikombe chake cha uji uliobaki. "Mkaza mjomba, ngoja nimpe, uji unatuliza." Nikamwambia, "Nenda zako huko." Yule mtoto alinitazama tu, akaondoka na kikombe chake. Sikumwambia mwalimu, sikumwambia mume wangu. Nikamwogesha mwanangu, nikampa maji, na usiku nikalikunja pindo, nikalishona lilipokuwa.

Bila shaka damu haikuondoka. Ingeondokaje? Lakini mimi nikaanza kutangaza ziwani, kwenye dagaa, hata nje ya kanisa baada ya misa: dawa ya shuleni ni chaki. Wenye watoto wao wazima wana vyao wanavyojua. Maneno yakamfikia wifi, kama nilivyotaka yafike.

Tulikuwa tunaanika dagaa kwenye kichanja. Akaja kwa upande wangu, mara hii hacheki.

"Wifi, mimi nina vyangu ninavyojua?"

"Ukijishtukia ni wewe."

"Sema hapa. Namlisha nini mwanangu?"

Nikaropoka yote. Kwamba wake anaingia majini toka asubuhi hadi jua linazama na hana kitu, na wangu akigusa maji tu anatoa damu. Kwamba haiwezekani. Kwamba mtu mwenye huruma angempa mtoto wa kaka yake hiyo dawa anayoificha. Wanawake wengine waliacha dagaa wakageuka kusikiliza vizuri.

Alingoja nimalize. Halafu akaongea taratibu, jambo ambalo kwa sauti yake ile linatisha.

"Wangu alianza kulia akikojoa ana miaka minne. Alikuwa anashika ule mhogo pale, analia. Nilimbeba mgongoni hadi zahanati. Wakamsagia dawa kwenye uji, akajipinda na tumbo siku nzima, nikajua namzika. Akapona. Baada ya miezi damu ikarudi. Nikambeba tena. Alipoanza shule akameza, akatoa tena, akameza tena. Mara nne, wifi. Ya tano ni hii ya juzi. Ndipo imeanza kutulia."

"Sijawahi kuona hayo."

"Ungeyaona wapi? Ulikuwa hapa hapa. Umeolewa mwaka huo huo. Nyumba yako ile, yangu hii. Mtoto analia nyuma ya mihogo kila asubuhi na wewe unapita na ndoo, umeziba pua, unasema ziwa linanuka samaki. Wako ulikuwa hujamleta. Basi wa wenzio hukumwona."

Mama mmoja akasema, "Hapo umeguswa, bibi wa mlimani." Nikachukua ungo wangu nikaondoka. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilifika nyumbani nikakuta ungo mtupu, dagaa nimemwaga njia nzima, kuku wananifuata kama bibi harusi.

Kibaya ni kwamba niliukumbuka ule mlio. Nilijaribu nisiukumbuke. Ulikuwepo, sauti nyembamba ya asubuhi. Nilidhani ni mbuzi wa jirani.

Kesho yake nikampeleka mwanangu zahanati. Nesi ni mwanamke wa makamo, wa kutoka Mapera, mlimani kama mimi, na hana subira. Alipima mkojo kwenye darubini, akaandika: mayai mengi.

"Shuleni alimeza?"

"Alimeza."

"Vingapi?"

"Viwili."

Akamtazama mtoto toka kichwani hadi miguuni. "Huyu? Viwili?" Halafu akamgeukia mwenyewe. "Vilikaa tumboni?"

Mwanangu akanitazama. Mtoto unapomfundisha kudanganya, siku akikutazama hivyo unajiona ulivyo.

"Alitapika," nikasema. "Hakunywa uji. Nilimkataza mimi. Na alisimama kwa vidole."

Nesi aliweka kalamu chini. "Kwa vidole."

"Ndiyo."

"Mama, wewe umesoma?"

"Kidato cha nne."

"Basi yaliyobaki ni ya kwako mwenyewe." Akacheka mpaka akajifuta macho, nami nikakaa pale nimeinama. Alipotulia nikamwuliza lile lililonileta: kwa nini wa wifi hapati?

"Nani kakwambia hapati? Anaweza kupata leo. Ila minyoo wanaompata ni wachache," akasema. "Huyu mnyoo ni mjanja. Anakaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu, mayai yake ndiyo yanayochana. Na akiwa hai anajivika vitu vya mwili wako mwenyewe. Mwili ukimtazama unaona ndugu. Anaweza kukaa humo miaka na hakuna anayemsemesha. Sasa dawa ikimuua, ile nguo inamvuka, anakatikakatika, ndipo mwili unamwona alivyo. Unaishika sura yake. Wakija wadogo zake kutoka majini, mwili unaanza kuwajua mlangoni."

"Kwa hiyo akimeza mara moja..."

"Mara moja anaona vipande vya wachache. Mwili hausomi kwa siku moja. Hata wewe hukusoma kwa siku moja, na bado umeona mwenyewe." Akampandisha mwanangu kwenye mizani. "Yule mwenzake amezika minyoo mara nne, mara tano. Wako amezika mara moja. Mara ya pili ulivizika wewe, vidonge."

Sikumwambia kwamba nilivifukia kweli. Akampa kimoja na nusu, juu ya uji niliotakiwa kwenda kuuomba nyumba ya jirani, na akatukalisha pale kivulini mpaka aridhike kuwa havitoki. Mizani haina pindo la kushusha.

Njiani nikawa nafikiria shamba la baba. Kwetu kilima hukilimi hivi hivi, mvua itakichukua chote. Wanaume wanafyeka majani, wanayalaza kwa mistari inayokatana, sisi wanawake tunachimba udongo katikati na kuyafunika. Ndiyo ngoro hiyo, kilima kizima kinakuwa mashimo mashimo kama kitambaa cha kufuma. Mgeni akiona maharage yamestawi juu yake atadhani ni mbegu. Siyo mbegu. Ni yale majani yaliyokufa chini, yanaoza, yanaupa udongo nguvu. Na shamba la mwaka wa kwanza halilingani na la mwaka wa tano, hata ukilia. Najua hayo tangu nabebwa mgongoni. Na nilikuwa nimesimama mbele ya shamba la mtu la mwaka wa tano, nashika kiuno, nauliza kwa nini mwizi huyu anavuna.

Msije mkadhani wivu uliisha hapo. Haukuisha. Uligeuka tu, ukawa wivu wa ile miaka. Nilimwonea wifi wivu kwamba yeye alikuwepo kwenye kilio cha mwanawe na mimi wangu nilikuwa nimemwacha juu kwenye baridi safi, nikijiona mjanja. Laiti ningeteremka naye, angeanza kulia mapema, angeanza kupona mapema. Ni wivu wa kijinga, kumwonea mtu wivu kwa maumivu. Lakini ndio niliokuwa nao.

Kwa wifi nilikwenda siku ya tatu, na bakuli la maharage ya kwetu.

"Hodi."

"Leo unabisha?" akasema kutoka ndani. "Basi chumvi imekwisha kweli."

Mwaka huu kwenye siku ya dawa mwanangu alikunywa uji wote, akaongezwa. Akasimama kwenye ubao visigino chini. Kimoja na nusu. Binti wa wifi amerefuka kama mnazi, amepewa viwili na nusu, na nikahisi ile nusu ikinisogelea kooni. Nikameza mate, ikashuka.

Juzi nesi akataka mkojo wa watoto apime. Tukaenda pamoja, mimi na wifi, kila mmoja na chupa yake, tukaziweka dirishani kwenye mwanga. Nesi akazibandika namba, akazisogeza, akaenda kuhudumia mtu mwingine. Nikainama kutazama. Zote mbili njano. Nikatafuta kwa macho yangu haya yaliyozoea, yaliyotazama mchanga miaka miwili, na sikuweza kujua wa kwangu ni upi.

"Wifi, ya kwako ipi?" nikauliza.

"Sijui," akasema. "Usizichanganye tu, utaanza kudai ya kwangu."

Nesi aliporudi kwenye darubini akasoma. Wa wifi: hakuna mayai. Wa kwangu: machache.

"Machache ndiyo mangapi?" nikasema, na sauti ikapanda bila kuiomba ruhusa. "Mwaka jana uliandika mengi. Machache si karibu na hakuna?"

"Mama, machache ni machache. Atameza hapa hapa leo. Na mwakani shuleni atameza tena."

Wifi alikuwa amekwisha kufungua kibuyu chake cha uji. Nadhani alikuja nacho akijua. Mwanangu akanywa, akameza, akatukunjia uso wote wawili kwa uchungu wa kidonge, akaomba ruhusa ya kwenda kuogelea. Nikasema hapana. Kisha nikakumbuka masufuria, nikasema aende, lakini asikae kwenye matete.

Walikimbia mbele yetu kuteremka. Sketi yake nilikuwa sijaigusa tangu nilipolikunja pindo lile. Sasa inampiga juu kidogo ya shavu la mguu, na mstari wa ushonaji wa zamani unaonekana chini, umefifia. Wa wifi alikuwa mbele, miguu mirefu, akayafikia maji kwanza. Akasimama akamngoja.